Picha za Kupandanisha: Maswali Yanayorudi Kila Wiki Studio Kwetu Dodoma

Tangu tutundike ukutani picha ya binti mwenye mbuyu kichwani, hatupumziki. Wateja wanauliza, wanafunzi wa UDOM wanauliza, wapiga picha wenzetu wanapiga simu usiku. Tumekusanya yale yanayorudi mara kwa mara na kuyajibu kama tunavyoyajibu kaunta. Anayeanza asome kutoka juu. Aliyekwama aruke moja kwa moja hadi swali lake; tumeweka namba ili tusirudie jambo moja mara tatu. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye programu, maana ndivyo utakavyoyakuta.

## Mambo ya mwanzo

1. Picha ya kupandanisha ni nini hasa?

Ni picha mbili zinazoonekana kwa pamoja ndani ya fremu moja, moja ikipenya ndani ya nyingine. Mara nyingi moja ni ya mtu, na nyingine ni ya mahali au kitu: mti, mawe, mji, maji. Vijana wengi wanaiita dabo eksposha. Si kolaji, ambamo kila picha ina chumba chake. Wala si kumkata mtu na kumbandika mbele ya ghorofa la watu, ile kazi ya steshenari tunayoijua wote. Hapa picha mbili zinalala chumba kimoja, na kazi yako ni kuamua nani aonekane wapi.

Ukishika jambo moja tu kwenye ukurasa huu, shika hili: giza ndilo mlango. Picha ya pili huingia pale penye giza kwenye picha ya kwanza, na hukwama palipo peupe. Karibu matatizo yote tunayoletewa ni ya mlango uliofunguliwa mahali pasipotakiwa.

2. Ni mtindo mpya wa mitandaoni?

Hapana, ni mzee kuliko babu zetu. Jina lenyewe limetoka enzi za mkanda. Ukifungua shata mara mbili bila kusogeza mkanda, picha mbili zinalala juu ya kipande kimoja cha filamu. Waliotumia kamera hizo wanakumbuka uchungu wake: unapeleka mkanda kusafishwa, unarudishiwa picha ya Idi iliyolaliwa na picha ya mahafali.

Wenye ujuzi walifanya makusudi, na walikuwa na kanuni. Kila pigo lilipewa nusu ya mwanga wake wa kawaida, yaani stopu moja chini, ili mapigo mawili yakijumlishwa yafike mwanga kamili. Mapigo matatu, theluthi theluthi. Kompyuta imerahisisha mambo (Photoshop ilitoka mwaka 1990, na leya, yaani matabaka ya picha yanayolala moja juu ya jingine, zikaongezwa katika toleo la 3, mwaka 1994), lakini hesabu ya mwanga haikubadilika. Mwenye kuijua anafanya kazi nusu saa; asiyeijua anahangaika siku nzima na vitufe.

3. Lazima niwe na kamera kubwa na laptopu?

Hapana. Ile picha ya ukutani ilipigwa kwa simu ya kawaida. Kamera kubwa inakusaidia ukitaka kuchapa saizi kubwa (tazama swali la 17), na laptopu inakusaidia kupaka maski, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya picha bila kuifuta, kwa usahihi. Vyote viwili si masharti.

4. Nitumie programu ipi?

Ukiwa na laptopu na huna hela ya kulipia kila mwezi, GIMP ni ya bure na inatosha kabisa. Photopea nayo ni ya bure, inafunguka ndani ya kivinjari, sura yake inafanana sana na Photoshop, na inafungua faili za Photoshop. Faili zako zinabaki kwenye mashine yako, hivyo bando linaliwa wakati wa kuifungua tu. Kwa simu, Snapseed ya Google ina kifaa cha kazi hii kabisa (swali la 14).

Photoshop ni nzuri, hatubishi. Ila zile nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi disiki zimetuletea virusi mara mbili, na mara ya pili tulipoteza picha za harusi nzima. Tangu hapo mtu akija na flashi ya namna hiyo tunamkaribisha chai, flashi inabaki mfukoni mwake.

## Kupiga picha zenyewe

5. Picha ya mtu ipigweje ili ikubali kupandanishwa?

Mtu awe na giza kiasi, nyuma yake kuwe peupe. Ndiyo siri yote. Ukuta mweupe, shuka jeupe lililonyooshwa, au anga. Anga la Dodoma wakati wa kiangazi ni zawadi ya bure, halina wingu hata la kuombea, ila ukilielekea upande usio na jua linatoka bluu nzito. Wewe unataka weupe. Kwa hiyo mweke mtu kati yako na upande wa jua, jua likiwa limejificha nyuma ya kichwa chake au kando kidogo ya fremu, kisha piga ukiwa umeinama ili kichwa kikae juu ya mstari wa nyumba na nyaya za umeme.

Saa nzuri ni saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja kuelekea magharibi. Saa sita mchana acha kabisa. Mji wetu uko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama karibu kabisa juu ya utosi. Macho yanakuwa mashimo mawili, na pua inatupa kivuli juu ya mdomo.

Umbo ni muhimu kuliko uzuri. Picha ya ubavu, inayoonyesha paji, pua, midomo na kidevu, husomeka haraka hata nusu ya uso ikifutika. Nywele za afro, rasta, mabutu, kilemba, hijabu iliyokaa vizuri, kofia ya kiua: vyote vinatoa ukingo wenye tabia. Kipara nacho kinapendeza kuliko wenye vipara wanavyodhani. Ni uwanja mtupu, mti unasimama juu yake bila kugombana na kitu.

6. Ngozi yangu ni nyeusi. Uso hautamezwa?

Utamezwa kama ukifuata mafunzo ya mtandaoni neno kwa neno, kwa sababu mengi yalitengenezwa kwa mtu mweupe aliyevaa koti jeusi. Kwake uso ni mwanga na nywele ni giza, basi picha ya pili inaingia kwenye nywele na koti, uso unabaki salama. Kwetu uso na nywele mara nyingi viko karibu kwa giza, na mlango unakuwa wazi kote.

Dawa si kuchubua ngozi kwenye programu. Tumeona kazi za hivyo. Mama wa mtu hamtambui mwanawe. Dawa ni kuongeza mwanga upande mmoja wa uso wakati wa kupiga. Mweke karibu na dirisha, au mwambie rafiki ashike karatasi ya manila nyeupe karibu na shavu ili irudishe mwanga. Mafuta kidogo usoni yanafanya mwanga ung'ae kwenye mfupa wa shavu na kwenye pua, na mng'ao huo ndio unaozuia mti usiingie. Upande wa pili wa uso uache gizani. Huko ndiko picha ya pili itakapokaa. Ukipiga hivi, kazi ya programu inakuwa nusu.

7. Picha ya pili iwe ya nini?

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Wanataka kila kitu: mji, machweo, ndege, jina la mpenzi. Chagua kitu kimoja chenye umbo linalosomeka ukiwa umekunja macho. Ukikunja macho na bado unajua ni nini, kinafaa.

Kwa upendeleo wetu wa wazi, hakuna kinachoshinda mbuyu wakati wa kiangazi. Umepukutisha majani, matawi yamebaki kama mishipa, na nyuma yake anga tupu. Kwenye kichwa cha mtu unageuka kuwa nywele, au mawazo, au mapafu, kila mtazamaji anasema lake. Masika mbuyu huohuo una majani na unatoka kama kabichi. Kwa hiyo toka upige mibuyu yako kati ya Julai na Oktoba, uweke akiba ya mwaka mzima. Barabara ya kwenda Mpwapwa au Kongwa utaishiwa nafasi ya simu kabla hujaishiwa miti.

Mawe ya Mlima wa Simba yanafaa kwa wazee na kwa wanaume wenye sura nzito, maana miamba ile ina mikunjo kama ya ngozi. Mashamba ya zabibu ya Hombolo au Mpunguzi yana mistari inayokimbilia mbali, mizuri kwa mwili na mabega, mibaya usoni kwa sababu majani ni madogo na yanaonekana kama ugonjwa wa ngozi. Majengo nayo yanawezekana, ila mistari yake iliyonyooka inakata uso vibaya, yaweke kifuani. Mavumbi ya Dodoma, yale mekundu yanayoinuka ng'ombe wakirudi jioni, yanatoa ukungu mzuri sana, na hayana gharama zaidi ya kufuta lenzi.

8. Naruhusiwa kupiga picha mahali popote mjini?

Hapana, na huu ni mji wa serikali. Usielekeze kamera kwenye Ikulu ya Chamwino, maeneo ya jeshi na polisi, wala ndani ya uzio wa ofisi za umma bila ruhusa. Bunge, stesheni ya treni na uwanja wa ndege uliza kwanza walinzi. Kuulizwa wewe ni kubaya zaidi. Droni inahitaji vibali kabla haijapaa.

Wengine wanatuuliza kuhusu michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Inapendeza mno kupandanishwa: maumbo mekundu membamba juu ya bega la mtu wa leo. Nenda na mwongozaji, lipa kiingilio, usiguse ukuta, na usimwagie maji ili rangi "ikolee" kama watu wengine wanavyofanya. Maji yanaila michoro. Piga ilivyo, ukoleze kwenye programu.

9. Naweza kuchukua picha ya mti kutoka Google?

Google inatafuta tu, picha ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda wimbo. Ziko tovuti zinazotoa picha kwa leseni huru. Soma leseni yake kabla ya kuuza kazi. Lakini kweli, mtu wa Dodoma kuazima mbuyu kutoka mtandaoni ni kama mtu wa Mwanza kuagiza sangara.

## Kazi kwenye programu

10. Nipe hatua kwa hatua.

Tutaeleza kwa namna inayofanya kazi kwenye GIMP, Photopea na Photoshop.

Fungua picha ya mtu. Kabla ya kitu chochote, fungua Levels, kifaa cha kurekebisha giza na mwanga, na uvute kitufe cha upande wa kulia kuja kushoto mpaka nyuma ya mtu kuwe nyeupe kabisa. Kipimo cha mwanga kwenye faili ya kawaida ni kuanzia 0, nyeusi tii, hadi 255, nyeupe pe. Unataka nyuma isome 255. Ikisoma 240, macho yako yatasema ni nyeupe, lakini mti utaacha kivuli hafifu huko nyuma, na utakuja kukiona siku umeshachapa. Pale ambapo Levels haifiki bila kuharibu uso, paka brashi nyeupe kwa mkono.

Sasa leta picha ya mti juu yake kama leya mpya, na badilisha namna ya kuchanganya kutoka Normal kwenda Screen. Papo hapo mti utatoweka nyuma ya mtu na kubaki ndani ya mwili wake tu. Hukukata kitu. Weupe wa nyuma umefunga mlango wenyewe. Wanaotumia saa mbili kukata nywele kwa kalamu wengi hawajui kwamba hatua hii inawakatia bure.

Punguza au ongeza ukubwa wa mti, uzungushe, uugeuze kichwa chini ukitaka, mpaka shina likae shingoni au matawi yafuate mstari wa nywele. Usiharakishe hapa. Sisi hutumia muda mrefu zaidi kusogeza mti kuliko hatua nyingine zote. Utaona kwamba anga jeupe la picha ya mti linafuta kichwa, na matawi meusi yanabeba nywele. Utosi unayeyuka, mti unachukua nafasi. Ndiyo sura ambayo watu wanaitafuta.

Kisha weka maski kwenye leya ya mti, chukua brashi laini yenye rangi nyeusi, ushushe nguvu yake hadi asilimia 20 au 30, na upake taratibu juu ya macho, pua na midomo. Kila ukipita, uso unarudi kidogo. Brashi ya asilimia 100 inaacha shimo kama dirisha la basi, usiitumie. Ukikosea, geuza brashi iwe nyeupe upake tena. Maski haifuti kitu, inaficha tu, ndiyo maana hatushauri kifutio.

Mwisho unganisha rangi (swali la 13) na uhifadhi faili mbili: moja yenye leya zake, nyingine JPEG ya kutuma. Mteja atarudi. Mteja hurudi siku zote, na atataka mti usogee kushoto kidogo.

11. Screen, Multiply na Lighten zina tofauti gani?

Chukua kijivu cha katikati, 128, juu ya kijivu kingine cha 128. Screen inatoa takriban 192: mwanga umeongezeka, kama taa mbili kwenye ukuta mmoja. Multiply inatoa takriban 64: imekuwa nyeusi zaidi, kama kuweka karatasi mbili za rangi dirishani. Kwa hiyo kwenye Screen nyeusi hutoweka na nyeupe hushinda, na kwenye Multiply ni kinyume chake.

Lighten haijumlishi. Inaangalia kila doa na kuchukua lenye mwanga zaidi, 200 dhidi ya 90 inabaki 200. Inafaa pale ambapo Screen imefanya kila kitu kipauke. Multiply itumie ukiwa na picha nyeupe ya mtu, mathalani bibi harusi mwenye shela, unapotaka matawi yachorwe juu ya kitambaa. Hizo nyingine ishirini na kitu zilizomo kwenye orodha, zijaribu siku umeme upo na kazi hakuna.

12. Kuna utando mweupe au wa bluu pembeni mwa nywele. Nifanyeje?

Wa bluu ni anga lililobaki katikati ya nywele. Punguza ukolezo wa bluu kwenye leya ya mtu peke yake. Mweupe mara nyingi umetokana na kukata picha kwa nguvu. Rudi kwenye picha halisi na ufuate swali la 10 bila kukata. Ikiwa imeshakatwa na huna ile ya awali, ingiza ukingo wa maski ndani kwa pikseli 1 au 2.

13. Rangi zinagombana: ngozi ya joto, mti wa kijani. Nazipatanishaje?

Geuza zote mbili kuwa nyeusi na nyeupe, kisha weka rangi moja juu. Njia ya uvivu, na ndiyo bora. Sisi hupenda kahawia inayoelekea wekundu, rangi ya udongo wetu. Inakaa vizuri kwenye ngozi na inafanya picha ionekane imetoka hapa. Ukitaka kubakiza rangi, ibakize kwenye picha moja, ile nyingine iwe ya kijivu. Kanga au kitenge chenye maua mengi kikibaki na rangi yote kitaimeza kazi nzima.

14. Nina simu tu. Snapseed inafanyaje?

Fungua picha ya mtu, nenda kwenye vifaa, chagua Double Exposure, ongeza picha ya mti, isogeze kwa vidole viwili, kisha chagua Lighten na uongeze kiasi cha uwazi hadi uridhike. Thibitisha. Kurudisha uso, nenda kwenye historia ya hatua ulizofanya, gusa hatua hiyo, chagua brashi, ujaze kote, halafu ushushe nguvu na kupaka usoni. Mpangilio wa vitufe hubadilika toleo hadi toleo, ila majina ni hayo. Kidole ni kinene kuliko jicho la mtu kwenye skrini. Kuza picha kabla ya kupaka.

15. Kamera yangu ina uwezo huo ndani yake. Niutumie?

Utumie kujifunza. Canon EOS 5D Mark III ya mwaka 2012 inao, na kamera nyingi za Nikon na Fujifilm pia. Inafurahisha, na inakulazimisha kufikiri giza na mwanga kabla ya kubonyeza. Kwa kazi ya mteja anayelipa, piga picha mbili tofauti.

## Kutuma na kuchapa

16. Kwenye simu ilikuwa nzuri, kwenye karatasi imetoka nyeusi. Studio imekosea?

Mara nyingi hapana. Simu inawaka kutoka nyuma, karatasi inategemea taa ya sebuleni. Shusha mwanga wa skrini hadi nusu kabla ya kuamua kwamba picha imekamilika. Picha za kupandanisha zinaumia zaidi kwa sababu uzuri wake uko ndani ya giza, na karatasi hushindwa kutofautisha giza na giza. Ongeza mwanga wa sehemu za kati kidogo, chapa kipande kidogo cha majaribio, ndipo uchape kubwa.

17. Faili iwe na ukubwa gani?

Kwa nukta 300 kwa inchi, A4 inataka pikseli 2480 kwa 3508, na A3 inataka 3508 kwa 4961. Picha ya mti inaweza kuwa ndogo kidogo, haina shida. Ya uso isiwe ndogo. Na usiitume kwa WhatsApp kama picha, inabanwa. Itume kama dokumenti. Tumeletewa picha iliyopitia magrupu matatu ya harusi, mbuyu ukawa umegeuka brokoli.

## Yasiyo ya kawaida

18. Nataka kumweka marehemu baba pamoja na picha ya nyumba yake ya kijijini. Inafaa?

Inafaa, na ni kazi tunayoifanya kwa utulivu zaidi kuliko nyingine yoyote. Picha iliyopo mara nyingi ni pasipoti saizi, au imekatwa kwenye kitambulisho. Iskani kwa nukta 600 au zaidi, usiipige kwa simu chini ya taa. Usimpandanishe usoni kabisa. Acha uso mzima, nyumba au shamba liingie kuanzia mabegani kwenda chini, kwa sababu ndugu wanaitafuta sura kwanza, na mti ukipita jichoni mwa marehemu kuna shangazi atalia kwa sababu isiyo yako. Muulize mkubwa wa familia kabla hujaanza. Picha ya msibani si ya mtoto mmoja.

19. Naweza kumpandanisha mtu bila yeye kujua, nikamshtukiza siku ya kuzaliwa?

Mkeo au kakako, hilo ni la nyumbani kwenu. Kuitangaza au kuiuza ni jambo lingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa sura ya mtu anayetambulika. Sisi tunaomba ridhaa kwa maandishi kabla ya kuweka picha ya mteja ukutani au mtandaoni, na kwa mtoto anasaini mzazi. Yule binti wa mbuyu amesaini, na mama yake amepewa nakala.

20. Si akili bandia inafanya hivi kwa sekunde?

Inafanya. Inakupa mti mzuri ambao haupo popote na pua inayokaribia kuwa yako. Mtu anayetaka mbuyu wa kwao, ule ulioko nyuma ya shule aliyosoma, hawezi kuupata huko. Itabidi aende akaupige.

21. Nimeambiwa picha hizi ni za majini, au za Freemason. Ni kweli?

Tunaulizwa zaidi ya unavyofikiri, na hatumcheki anayeuliza, kwa sababu historia inampa sababu. Miaka ya 1860 huko Boston, Marekani, William Mumler alikuwa akiwauzia wafiwa picha zenye kivuli cha marehemu wao nyuma ya bega. Alishtakiwa New York mwaka 1869 kwa udanganyifu, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Hata mjane wa Rais Abraham Lincoln alikwenda kupigwa picha kwake. Watu waliosoma hesabu ya mwanga waliona kilichokuwa kikifanyika: picha mbili juu ya kioo kimoja, maana enzi hizo kioo ndicho kilichofanya kazi ya filamu.

Kwa hiyo mzee akituuliza, tunamwita nyuma ya kaunta. Tunafungua faili yenye leya, tunaificha ya mti, anabaki mjukuu wake kama alivyo. Tunairudisha. Tunaificha tena. Babu mmoja kutoka Bahi alituambia turudie mara nne, akakaa kimya, kisha akauliza kama ule mti unaweza kubadilishwa uwekwe mgunga, maana nyumbani kwake mibuyu hakuna. Tulimwambia alete picha ya mgunga. Alirudi wiki iliyofuata na simu ya kijana wake, picha kumi na saba, zote za mgunga uleule.